Kidonge Kipya cha Limfoma: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kukitafuta

Ndugu wa mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, siku hizi huingia kliniki jina la dawa likiwa tayari kwenye simu. Mara nyingi limetumwa na shemeji aliyeko Ulaya, au binamu anayesomea udaktari, pamoja na habari kwamba dawa hiyo haishambulii kila seli inayogawanyika kama zifanyavyo dripu za kemo, bali inazuia vimeng'enya vinavyoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Habari hiyo ni ya kweli. Dawa za namna hiyo zipo, zimepitishwa na mamlaka za dawa za nchi kadhaa, na wapo wagonjwa waliopata nafuu baada ya tiba za zamani kugonga mwamba. Kisichoandikwa kwenye ujumbe wa simu ni kwamba kila dawa kati ya hizo ina aina yake ya limfoma, tena karibu zote hutolewa kwa mtu ambaye tiba ya kwanza imeshindwa au ugonjwa umemrudia. Familia isiyojua mgonjwa wake ana limfoma ipi inaweza kuuza shamba kwa ajili ya kidonge kisichomhusu.

Kwa sababu hiyo safari ya kutafuta dawa mpya inaanzia mbali na duka la dawa. Inaanzia kwenye kinyama kinachotolewa shingoni, kwapani au kinenani na kupelekwa maabara.

Afrika Mashariki uvimbe wa tezi una mshukiwa wake wa kwanza, nao ni kifua kikuu. Homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda, tezi zilizovimba: dalili hizi ni za TB na ni za limfoma pia, na kwa kuwa TB imeenea zaidi, daktari wa wilayani anayeanza na dawa za TB hafanyi jambo la ajabu. Hatari huja pale miezi inapopita bila mtu kuuliza tena. Mgonjwa anameza vidonge vyake kwa uaminifu, uvimbe haupungui au unaongezeka, na kila akirudi anaambiwa avumilie amalize dozi. Tezi ambayo haijaanza kupungua baada ya mwezi mmoja au miwili ya dawa zinazomezwa ipasavyo inastahili kutolewa na kupimwa, na ndugu wa mgonjwa ana haki ya kulisema hilo kwa heshima na kwa sauti inayosikika. Kabla ya hapo, kama dawa za TB zilianzishwa kwa kukisia tu, aulize kama makohozi au majimaji ya tezi yamewahi kuonyesha vimelea vyenyewe.

Kuna namna mbili za kuchukua sampuli. Sindano nyembamba inayovuta seli chache ni rahisi, haina mshono, na inafaa kwa mambo mengi, lakini kwa limfoma haitoshi. Mtaalamu wa patholojia anahitaji kuona seli zilivyojipanga ndani ya tezi, maana limfoma mbili zenye seli zinazofanana zinaweza kutofautiana kwa mpangilio tu. Panapowezekana, tezi nzima itolewe.

Sehemu inayofuata haizungumzwi sana, ila ndiyo inayoharibu vipimo vingi. Kinyama kikishakatwa hutumbukizwa kwenye chupa ya formalini, na katika hospitali nyingi za mikoani ni ndugu mwenyewe anayekabidhiwa chupa hiyo aipeleke kwa basi hadi hospitali ya rufaa. Aitazame vizuri kabla hajaondoka. Je, ina jina la mgonjwa, namba ya faili, mahali kinyama kilipotoka, tarehe na saa? Dawa ndani ya chupa iwe nyingi, kama mara kumi ya ujazo wa kinyama, na tezi kubwa iwe imepasuliwa ili dawa ipenye hadi katikati. Maji ya chumvi na barafu si mbadala wa formalini. Na chupa isikae juu ya kabati wiki mbili ikisubiri nauli au pesa ya kipimo: formalini inahifadhi umbo la seli, lakini kinyama kikikaa humo muda mrefu mno DNA yake hukatika vipande vipande. Kama baadaye mgonjwa atahitaji kipimo cha jeni, yaani kipimo kinachofungua mlango wa baadhi ya dawa zinazozungumziwa hapa, sampuli hiyo haitasema kitu. Maabara ikishamaliza, kinyama hubaki ndani ya bloku ndogo ya nta inayohifadhika kwa miaka mingi. Familia iandike namba ya bloku hiyo mahali salama, kwa sababu ndiyo itakayoombwa iwapo mgonjwa atahamishiwa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au nje ya nchi.

Ripoti ikirudi, neno limfoma peke yake halitoshi. Shirika la Afya Duniani linatambua aina nyingi zinazozidi hamsini, na zinatofautiana kama magonjwa tofauti. Kwanza isomwe kama ni limfoma ya Hodgkin au la. Kama si Hodgkin, imetokana na seli B au seli T? Alama ya CD20 ikiwa chanya, karibu kila mara ni seli B, na maana yake dawa ya rituksimabu inaweza kusaidia. CD3 huelekeza kwenye seli T. Ki-67 hueleza ni sehemu gani ya seli inayogawanyika: asilimia 10 au 20 ni ugonjwa wa mwendo wa pole, ilhali karibu na 100 ni moto. Ripoti inayosema "limfoma" bila alama hata moja kati ya hizo haijakamilika, na sahihi ni kuomba vipimo vya kingakemia vifanywe kwenye bloku ileile kabla tiba haijaanza, mradi hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya vimeng'enya yanapokuwa na maana.

Kila seli ya mwili yenye kiini hubeba karibu mita 2 za DNA ndani ya kiini hicho kisichoonekana kwa macho. Inawezekana kwa sababu DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni kama uzi wa fundi cherehani kwenye bobini. Palipokazwa sana, jeni hazisomeki. Palipolegea, zinasomeka na kufanya kazi. Seli ya ini na seli ya ngozi zina DNA ileile, kinachozitofautisha ni sehemu zilizokazwa na zilizolegezwa. Kazi ya kukaza na kulegeza hufanywa na vimeng'enya. Vingine hubandika kemikali ndogo juu ya histoni, vingine huzibandua, na elimu ya mabadiliko haya, ambayo hayagusi mpangilio wa DNA yenyewe, ndiyo inayoitwa epijenetiki.

Vimeng'enya viwili ndivyo vinavyomhusu msomaji huyu. Cha kwanza ni kundi la HDAC, linalobandua asetili kutoka kwenye histoni, na asetili ikiondoka DNA inakaza. Cha pili kinaitwa EZH2. Hiki hubandika methili, moja, mbili hadi tatu, mahali mahususi kwenye histoni H3, na zikifika tatu jeni ya jirani hunyamaza.

Ndani ya tezi za limfu EZH2 ina kazi halali kabisa. Seli B ikikutana na vijidudu huingia katika eneo maalumu la tezi, ikagawanyika kwa kasi kubwa na kubadilisha jeni zake za kingamwili kwa makusudi ili ipate silaha kali zaidi. Ili hayo yawezekane, EZH2 hupanda na kunyamazisha kwa muda jeni zinazozuia seli kugawanyika na zile zinazoikomaza. Kazi ikiisha, EZH2 hushuka, jeni hizo huamka, na seli inakomaa au inakufa. Mwaka 2010 watafiti wa Vancouver, Kanada, walitangaza kwamba katika baadhi ya limfoma za seli B jeni ya EZH2 ina hitilafu inayojirudia mahali palepale. Wakati ule wengi wangedhani hitilafu imekiua kimeng'enya. Ikaja kuonekana kinyume chake: EZH2 ya kawaida hubandika methili ya kwanza upesi na ya tatu kwa kusuasua, ile yenye hitilafu husuasua kwenye ya kwanza na kukimbia kwenye ya tatu. Seli ya saratani huwa na zote mbili, nakala moja ya kawaida na moja yenye hitilafu, nazo zinapokezana kazi hadi methili tatutatu zinajaa kila mahali. Seli inakwama katika hali ya kugawanyika, na jeni za kuisimamisha zipo, nzima, lakini hazisomeki.

Hapo ndipo lilipo tumaini la tiba hizi, na ni tumaini lenye mantiki. Jeni iliyofutika hairudishwi kwa kidonge, lakini jeni iliyonyamazishwa inaweza kuamshwa. Molekuli ndogo ina faida ambayo kingamwili kubwa kama rituksimabu haina: inapita ukuta wa seli, inaingia hadi kwenye kiini, na mara nyingi inaweza kumezwa nyumbani. Tazemetostati, iliyoingia sokoni kwa jina la Tazverik, hukaa pale ambapo EZH2 huchukulia methili zake, kimeng'enya kikabaki mikono mitupu.

Dawa za kundi la HDAC ndizo zilizotangulia, na historia yake inafaa kujulikana na kila anayeambiwa kwamba tiba mpya "itafika mwakani". Mwaka 1971 Charlotte Friend wa New York aliona jambo kwenye vyombo vyake vya maabara: seli za saratani ya damu ya panya zilizowekewa kiyeyusho cha DMSO ziliacha ukaidi, zikaanza kutengeneza hemoglobini kama seli za kawaida. Hakuna aliyejua kwa nini. Daktari Paul Marks na mkemia Ronald Breslow walitumia miaka mingi kutengeneza molekuli zenye nguvu zaidi ya DMSO, na miaka ya tisini mwishoni ndipo ilipobainika kwamba molekuli yao bora ilikuwa inazuia HDAC. Oktoba 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha kwa jina la vorinostati. Ni miaka 35 tangu chombo cha Friend.

Vorinostati iliidhinishwa kwa limfoma ya seli T ya ngozi, na hapa wasomaji wa Afrika Mashariki wana jambo la kuangalia miilini mwao. Aina yake inayojulikana zaidi, mycosis fungoides, huanza kama mabaka yanayowasha, na kwenye ngozi nyeusi mara nyingi mabaka hayo huwa meupe kuliko ngozi inayoyazunguka. Huchukuliwa kuwa choa, pumu ya ngozi, hata ukoma, na mtu hupakwa mafuta ya kila namna kwa miaka. Mabaka yaliyodumu zaidi ya miezi sita bila kuitikia dawa, hasa yanayojificha sehemu zisizopigwa jua kama makalio, mapaja na kiuno, yakatwe kipande yapimwe. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa kanda nzima kazi hiyo tangu miaka ya tisini. Habari njema ni kwamba mycosis fungoides ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa dawa za kupaka na tiba ya mwanga, na wengi huishi nayo umri mrefu bila kuhitaji vorinostati. Katika utafiti uliotumika kuiidhinisha, wagonjwa 74 waliokwisha kujaribu tiba nyingine waliimeza, na uvimbe ulipungua kwa kiwango cha kuridhisha kwa takriban 3 kati ya 10. Baadhi yao walipata angalau usingizi, kwa sababu muwasho ulitulia. Jambo hilo si dogo kwa mtu aliyekuwa akijikuna hadi damu.

Takwimu za namna hiyo zinahitaji kusomwa kwa utulivu, na mfano mzuri ni tazemetostati yenyewe. Tarehe 18 Juni 2020 FDA iliipa kibali cha haraka kwa limfoma ya folikuli iliyorudi, baada ya angalau tiba mbili kwa wenye hitilafu ya EZH2, au kwa wasio na njia nyingine inayofaa. Wagonjwa waliofuatiliwa walikuwa 99. Kati ya 45 wenye hitilafu, uvimbe ulipungua vya kutosha kwa asilimia 69. Kati ya 54 wasio na hitilafu, asilimia 35. Ndugu akisikia 69 husikia "wamepona". Sivyo. Waliopona kabisa kwa macho ya vipimo walikuwa wachache, na kwa wenye hitilafu nafuu ilidumu kwa wastani wa kati wa miezi 10.9 hivi. Kisha hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo, na watu 45 ni wachache. Bado, kwa mtu aliyepitia dripu mara tatu na kuchoka, vidonge vinavyomezwa asubuhi na jioni nyumbani kwake, vyenye maudhi madogo kuliko kemo, vina thamani ambayo asilimia haziwezi kuieleza.

Mgonjwa au msaidizi wake akitajiwa dawa yoyote ya aina hii, amuulize daktari kwa mpangilio huu: imeidhinishwa kwa limfoma yangu hii iliyoandikwa kwenye ripoti? Kwenye tiba ya ngapi? Kati ya kumi waliotumia, wangapi walipata nafuu, na ilidumu muda gani? Ilishindanishwa na tiba nyingine au ilijaribiwa peke yake? Na kibali chake kingalipo?

Swali la mwisho si la kujaza karatasi. Romidepsini ni kizuizi cha HDAC kilichopatikana kutoka kwa bakteria wa udongo wa Japani, na mwaka 2011 kiliruhusiwa Marekani kwa limfoma ya seli T za pembeni baada ya robo hivi ya wagonjwa kupata nafuu. Kilikuwa kibali cha haraka, chenye sharti la utafiti mkubwa zaidi. Utafiti ulifanyika kwa wagonjwa 421: nusu walipewa mchanganyiko wa kawaida wa kemo uitwao CHOP, nusu CHOP pamoja na romidepsini. Ugonjwa haukuchelewa kurudi zaidi kwa walioongezewa, na walitaabika zaidi kwa madhara. Mwaka 2021 kampuni ikaondoa matumizi hayo, romidepsini ikabaki kwenye limfoma ya ngozi. Makala za zamani na jumbe za simu hazijui hilo, bado zinaisifu. Tazemetostati nayo ilipita mlango huohuo wa haraka, na tahadhari ya saratani nyingine za damu zinazoweza kujitokeza baada ya kuitumia imekuwa kwenye maelezo yake tangu mwanzo. Kwa hiyo daktari aangalie hali ya kibali siku anayoandika dawa, asitegemee alichosoma mwaka uliopita.

Nchi za Asia zimechukua njia zao. China iliidhinisha tusidinostati mwaka 2014 kwa limfoma ya seli T za pembeni. Japani, mwaka 2022, ilipitisha valemetostati, inayozuia EZH2 na ndugu yake EZH1 kwa pamoja, kwa limfoma ya seli T ya watu wazima inayosababishwa na kirusi cha HTLV-1. Kirusi hicho kipo pia Afrika ya Kati, kwa hiyo si ajabu jina hilo likasikika siku moja Kinshasa.

Kuna wagonjwa ambao kuwatafutia dawa ya epijenetiki ni kuwapotezea muda, na wa kwanza ni watoto wenye limfoma ya Burkitt. Ugonjwa huu una historia yake hapa hapa: daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago, Kampala, na kutokana na uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikigundua London mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto mwenye taya lililovimba, meno yanayolegea, jicho linalosukumwa nje au tumbo linalojaa anatakiwa kufika hospitali yenye tiba ya saratani ndani ya siku, wala si wiki. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hao hao, na dawa za kale kama siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati zinawaponya wengi wanaowahi na kumaliza mizunguko yote. Kinachowaua ni kuchelewa, na kuacha tiba katikati kwa sababu uvimbe umetoweka machoni na nauli imekwisha. Mzazi aelezwe tangu siku ya kwanza idadi ya safari zitakazohitajika, aulize ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu malazi na nauli, na asiondoke bila tarehe ya kurudi.

Kirusi cha Epstein-Barr chenyewe kinawavutia watafiti wa epijenetiki, kwa sababu hujificha ndani ya seli kwa kunyamazisha jeni zake. Mwaka 2007 kulichapishwa jaribio la wagonjwa 15 wa limfoma zenye kirusi hicho: walipewa butirati ya ajinini, inayozuia HDAC, ili kukiamsha, pamoja na gansiklovia ya kukishambulia kikishaamka. Kumi walipata nafuu. Wazo hilo bado linafanyiwa kazi, ila halijawa tiba ya kawaida popote.

Wengine wasiohitaji kukimbilia dawa hizi ni wenye limfoma ya Hodgkin iliyogunduliwa sasa hivi, ambayo kemo ya kawaida huiponya kwa wengi, na wenye limfoma kubwa ya seli B ambao hawajamaliza CHOP na rituksimabu. Rituksimabu imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Pesa ya familia ikiwa ndogo, iende hapo: kuhakikisha rituksimabu inapatikana kwa mizunguko yote, kwa kawaida sita, kila baada ya siku 21, ina uzito kuliko kuiweka akiba kwa ajili ya kidonge cha baadaye.

Kisha kuna njia za mkato. Valproati, dawa ya kifafa inayopatikana kwenye maduka mengi, inazuia HDAC kwa kiasi fulani, na mtu aliyesoma hilo mtandaoni anaweza kushawishika kumnunulia mgonjwa. Asifanye hivyo. Haijaidhinishwa kwa limfoma, inaweza kuharibu ini na kushusha chembe sahani za damu, na kwa mama mjamzito inamdhuru mtoto tumboni. Vivyo hivyo kwa virutubisho vinavyouzwa kwa madai ya "kusafisha jeni". Mgonjwa anayetumia dawa za mitishamba amwambie daktari bila kuona haya, na daktari asimkaripie, maana akikaripiwa leo kesho ataficha.

Kuficha ni hatari hasa kwa dawa hizi. Tazemetostati huvunjwa na ini kwa njia ileile inayochochewa na rifampisini ya TB na efavirenzi ya VVU. Mgonjwa akiwa kwenye mojawapo, kidonge cha bei kubwa kinaweza kuvunjwa kabla hakijafanya kazi. Flukonazoli na klarithromisini hufanya kinyume, zinakirundika mwilini hadi kiwe sumu, na balungi nalo limo kwenye orodha ya vya kuepuka. Katika ukanda ambao mgonjwa mmoja anaweza kuwa na limfoma, VVU na TB kwa wakati mmoja, mfamasia apewe orodha nzima ya dawa kabla ya dozi ya kwanza, na mgonjwa asiache ARV kwa uamuzi wake mwenyewe. Zipo ARV ambazo hazigongani na tiba ya saratani, na daktari anaweza kumbadilishia.

Kwa vorinostati angalizo ni tofauti: kunywa maji ya kutosha, angalau lita 2 kwa siku, kwa sababu kutapika na kuhara hukausha mwili, kupima sukari, potasiamu na magnesi, na kwenda hospitali mara moja mguu mmoja ukivimba na kuuma au pumzi ikikata ghafla, kwani damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Kidonge kimezwe kizima pamoja na chakula, kisifunguliwe wala kupondwa. Romidepsini inaweza kuamsha homa ya ini aina ya B iliyolala, na rituksimabu pia, basi kipimo cha HBsAg kifanyike kabla, nacho ni cha bei nafuu karibu kila mahali. Mwanamke anayetumia tazemetostati atumie njia ya uzazi wa mpango isiyo ya homoni, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kudhoofisha vidonge vya majira, na aendelee nayo miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Mwanamume miezi 3.

Gharama ni ukuta. Tazemetostati ilipoingia sokoni Marekani ilizidi dola 10,000 kwa mwezi, na hakuna bima ya kawaida ya Afrika Mashariki iliyojengwa kwa ajili ya bei hiyo. Anayeamua kujaribu hata hivyo apitie njia halali: daktari bingwa anaandika barua yenye jina la ugonjwa, tiba zilizokwisha kutolewa na sababu ya ombi, kisha kibali cha kuingiza dawa kwa mgonjwa mmoja kinaombwa kwa mamlaka ya nchi, TMDA kwa Tanzania, PPB kwa Kenya, NDA kwa Uganda. Wakati mwingine kampuni hutoa dawa bure kwa maombi ya namna hiyo, lakini huyapokea kutoka kwa daktari, si kwa familia. Dawa iliyoletwa kwenye begi la msafiri haina wa kuiwajibikia, na nani ajuaye ilikaa kwenye joto gani njiani.

Njia nyingine ni majaribio ya tiba, yanayoorodheshwa kwenye ClinicalTrials.gov na kwenye rejista ya Afrika nzima ya majaribio ya tiba, ambazo yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua. Mgonjwa anayealikwa aombe fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, aende nayo nyumbani, aisome na mtu anayemwamini. Ndani yake kuwe na jina la kamati ya maadili iliyopitisha utafiti na namba ya simu ya kuifikia, maelezo ya nani atalipia matibabu kama dawa itamdhuru, na kifungu kinachosema anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa tiba yake ya kawaida. Aulize pia kama ataendelea kupewa dawa iwapo itamsaidia na utafiti ukafungwa. Akiombwa kulipia dawa yenyewe ya majaribio, asitie sahihi, na aipigie kamati hiyo ya maadili kabla hajarudi kwa aliyemwalika.